Kipakatalishi: Lijue Shamba Kabla ya Kuchagua Jembe

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii kwa kawaida hutumiwa kumkemea mvivu ambaye, badala ya kuingia shambani na kulima, hushinda akilalamikia mpini, makali na uzito wa jembe hadi jua linapomfika utosini. Ni onyo la busara. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kulima anajua kwamba methali hii ina upande wa pili. Jembe linalopita kwa urahisi katika mchanga wa Kilifi hukwama katika udongo mweusi wa Mwea, na mkulima mwenye akili huuliza kwanza habari za shamba ndipo aulizie jembe. Anayestahili lawama ni yule anayechagua jembe ilhali shamba halijui.

Nimeikumbuka methali hii kwa sababu ya swali ambalo walimu na wanafunzi huniuliza mara kwa mara, hasa muhula mpya unapokaribia: ninunue kipakatalishi gani? Aulizaye huwa tayari ana majina mawili matatu ya kampuni kichwani, na hutaraji nimtajie moja kati ya hayo. Mimi humrudishia swali jingine: utakwenda nacho wapi, na ukifika huko utakifanyia nini? Wapo wanaodhani ninakwepa kujibu. La hasha. Katika jambo hili, swali hilo ndilo nusu ya jibu.

Suala lenyewe si dogo. Bei ya kipakatalishi kipya huweza kumeza mshahara wa mwezi mzima wa mwalimu wa shule ya msingi, na pengine zaidi. Wengi hukopa katika vyama vya ushirika wa akiba na mikopo, na makato huendelea kuonekana katika hati ya mshahara hata baada ya chombo chenyewe kunyamaza kabatini. Kwa mzazi wa mwanafunzi wa chuo kikuu, huenda bei hiyo ni ng'ombe mzima aliyetoka zizini. Kosa la kuchagua vibaya, kwa hiyo, halilipwi na anayeuza. Hulipwa na anayenunua, tena kwa muda mrefu.

Hebu tuanze na jina, kwa kuwa aghalabu jina hubeba maarifa ambayo tangazo la biashara huyaficha. Nchini Kenya tumezoea kusema kipakatalishi. Ndugu zetu wa Tanzania husema kompyuta mpakato. Istilahi zote mbili zimejengwa juu ya kitenzi kupakata, yaani kumweka mtoto mapajani na kumkinga kwa mikono. Waliounda istilahi hizi hawakutazama kasi ya chombo wala mng'aro wake, bali walitazama uhusiano wake na mwili wa mwanadamu. Na mtoto anayepakatwa ana sifa tatu: anabebeka, hafungwi ukutani kwa kamba, na mlezi wake hayuko radhi hata kidogo kumpoteza. Kipakatalishi cha mtu wa kazi na safari nacho kinapaswa kupimwa kwa sifa hizo tatu.

Historia inaliunga mkono jina hili. Wazo la kompyuta ya kubebwa lilielezwa kwa mapana mwaka 1972 na mwanasayansi wa Marekani, Alan Kay, aliyekiita chombo alichokiwazia Dynabook. Inafaa walimu wakumbuke kwamba Kay hakuwa akiwawazia wafanyabiashara wa ndegeni. Alikuwa akiwawazia watoto wanaojifunza. Lakini kompyuta za kwanza zilizouzwa kwa sifa ya kubebeka hazikupakatika. Osborne 1, iliyotokea mwaka 1981, ilikuwa na uzito wa takriban kilo 11, kioo chake kilikuwa cha inchi tano tu, na haikuwa na betri ndani yake. Ilibidi mwenye nayo atafute soketi kila alikokwenda.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1983, ilitokea mashine nyingine ndogo iliyoitwa TRS-80 Model 100. Kioo chake kilionyesha mistari minane tu ya maandishi, na wenye kupenda makuu wangeweza kuicheka. Lakini ilikuwa na uzito wa takriban kilo moja na nusu, kibodi yake ilikuwa nzuri, na iliendeshwa kwa betri nne za kawaida, kama zile za tochi, kwa muda wa hadi saa 20. Waandishi wa habari waliipenda mno, wakazunguka nayo huku na huko wakiandika na kutuma habari kwa njia ya simu. Mashine hiyo haikuwa na nguvu kuliko zote za wakati wake. Ililingana na shamba la aliyeitumia, na hilo lilitosha.

Tutazame basi shamba la mwalimu wa Kenya. Kazi zake nyingi ni za maandishi na hesabu nyepesi: kutunga mitihani, kujaza jedwali za alama, kuandaa maazimio ya kazi, kuonyesha picha au video darasani, na kupeleka alama za tathmini katika tovuti ya Baraza la Mitihani. Mwanafunzi wa fani za lugha na jamii naye huandika insha na tasnifu, husoma makala, na pengine huhifadhi sauti alizonasa nyanjani. Kazi hizi hazidai mashine ya kifahari. Kumbukumbu ya gigabaiti 8 huzitosha, na gigabaiti 16 humpa mtu nafasi ya kupumua kwa miaka mingi zaidi. Mwanafunzi wa usanifu majengo, uhandisi au utengenezaji filamu ana shamba tofauti kabisa. Yeye huhitaji kichakataji chenye nguvu na kifaa maalumu cha kushughulikia michoro, na hana budi kuvumilia uzito na joto vinavyoandamana na nguvu hizo. Anayeandika barua na kujaza alama akinunua mashine ya mchora majengo, amenunua trekta la kulimia bustani ya sukumawiki.

Sasa tuingie katika sifa ya kwanza, kubebeka. Waswahili husema ng'ombe haelemewi na nunduye. Lakini kipakatalishi si nundu. Hakikuota mgongoni mwa mtu. Tofauti ya kilo 1.3 na kilo 2.3 dukani haionekani, maana mnunuzi hukiinua chombo kwa nukta chache tu na kukirudisha mezani. Tofauti hiyo hujitokeza mtu anaposimama katika matatu iliyojaa kutoka Rongai hadi katikati ya jiji, au anapokaa nyuma ya bodaboda kilomita kumi za barabara ya udongo huku mkoba ukimvuta bega. Ongeza chaja, ambayo katika baadhi ya mashine kubwa hukaribia nusu kilo, na vitabu viwili vya kiada. Kwa mtu wa safari za kila siku, kioo cha inchi 13 au 14 ni wastani mwema: maandishi husomeka bila kukunja uso, na mkoba hubebeka. Kioo cha inchi 15 au 16 kinamfaa yule ambaye mashine yake hushinda mezani na kusafiri mara chache.

Jambo jingine linaloambatana na kubebeka ni mtikisiko. Kompyuta za zamani zilihifadhi mambo katika diski inayozunguka, ambayo sindano yake huelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Chombo cha namna hiyo kikitikisika kikiwa kinafanya kazi, madhara yake huweza kuwa makubwa. Hifadhi ya kisasa, ambayo wauzaji huiita SSD, haina sehemu yoyote inayozunguka. Hustahimili mashimo ya barabarani, na aidha huiwasha mashine kwa haraka zaidi. Ukilazimika kuchagua kati ya diski kubwa inayozunguka na SSD ndogo ya gigabaiti 256, chukua hiyo ndogo. Mashine kuukuu yenye SSD mara nyingi humshinda mwenzake mpya asiye nayo.

Sifa ya pili ni kutofungwa ukutani. Hapa ndipo matangazo ya biashara husema mengi na kufafanua machache. Muuzaji huahidi saa kumi, saa kumi na tano, bila kueleza ni saa za kazi gani. Lakini hesabu yenyewe mwanafunzi wa darasa la sita anaiweza. Ujazo wa betri hupimwa kwa wati-saa, na takwimu hiyo mara nyingi huandikwa kwenye betri yenyewe au katika maelezo ya mtengenezaji. Betri ya wati-saa 50 katika mashine inayokula wati 10 itadumu saa tano. Mashine hiyo hiyo ikila wati 5, itadumu saa kumi. Mwangaza mkali wa kioo, video na programu nyingi zilizofunguliwa kwa pamoja huongeza ulaji. Kwa hiyo uliza mambo mawili: betri ina wati-saa ngapi, na mashine inakula wati ngapi katika kazi ninayoifanya mimi?

Swali hili si la anasa katika nchi ambamo umeme hukatika bila kubisha hodi. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima ilizama gizani, na hata Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta haukusalimika. Wako walimu ambao shule zao hutegemea sola au jenereta ya saa chache. Kwao, betri ni kitovu cha kazi. Kwa sababu hiyo pia, ni vyema kipakatalishi kiwe na uwezo wa kupokea umeme kwa tundu la USB-C, ili chaja moja iweze kuhudumia simu na kompyuta, na ikipotea safarini ipatikane nyingine kwa urahisi. Umoja wa Ulaya umekwisha kupitisha sheria inayotaka tundu hilo katika vipakatalishi vipya vinavyouzwa huko kuanzia tarehe 28 Aprili 2026. Tutarajie kwamba chaja za aina hiyo zitazidi kuenea hata kwetu.

Anayevuka mipaka ana ziada ya kuzingatia. Soketi zetu za Kenya ni za miguu mitatu ya bapa, sawa na za Uingereza na Uganda. Mwalimu akialikwa kwenye kongamano mjini Kigali au Bujumbura, atakuta soketi za miguu ya mviringo. Asipobeba kiunganishi cha bei ndogo, kipakatalishi chake kitabaki pambo. Chaja nyingi zenyewe hupokea volti 100 hadi 240, kwa hivyo zinafaa hata Marekani. Lakini isome chaja yako kabla ya kuichomeka. Kuhusu ndege, betri za akiba za lithiamu huruhusiwa tu katika mkoba wa kuingia nao ndani, wala si katika mzigo unaowekwa tumboni mwa ndege, na betri inayozidi wati-saa 100 huhitaji idhini ya shirika la ndege. Isitoshe, kanuni hubadilika ghafla. Mnamo Machi 2017, Marekani ilipiga marufuku vipakatalishi ndani ya ndege zilizotoka viwanja kadhaa, vikiwemo Dubai na Doha, vituo ambavyo Waafrika Mashariki wengi hupitia. Marufuku hiyo iliondolewa kufikia Julai mwaka huo huo, lakini kwa miezi ile wasafiri walilazimika kukabidhi mashine zao pamoja na mizigo.

Kabla ya kufikia sifa ya tatu, nitue kidogo kwenye kibodi, kwa kuwa ndiyo sehemu inayoguswa na mwandishi kuliko nyingine zote. Kiswahili kina bahati: herufi zake zote, pamoja na ritifaa ya ng'ombe na ng'ambo, zinapatikana katika kibodi ya kawaida. Anayeandika Kikuyu huhitaji ĩ na ũ, na mwanaisimu huhitaji alama za kifonetiki. Hao wote huweza kusaidiwa na programu isiyolipiwa. Tatizo huwa kubwa zaidi pale mashine inapotoka nchi ya mbali. Iliyotoka Ufaransa au Ubelgiji huwa na herufi A mahali pa Q, na Z mahali pa W. Mtu aliyezoea mpangilio wetu huandika "zqkqti" akikusudia "wakati". Keti dukani, andika aya nzima ya Kiswahili, usiandike jina lako tu. Vidole vitakwambia ukweli ambao muuzaji hausemi.

Nimetaja mashine zinazotoka mbali kwa sababu walio wengi miongoni mwetu hununua zilizokwisha kutumika. Maduka ya Luthuli na mitaa jirani jijini Nairobi yamejaa vipakatalishi vinavyoitwa "ex-UK", vingi vikiwa vilitumika katika maofisi ya ughaibuni kabla ya kuuzwa. Sipingi biashara hii. Mashine ya ofisini aghalabu huundwa kwa uimara, na fundi huweza kuifungua na kubadilisha betri, kibodi au kumbukumbu. Lakini kuna mtego uliozaliwa juzijuzi. Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, maana yake mianya ya usalama inayogunduliwa sasa haizibwi tena kama zamani. Windows 11, iliyoirithi, hudai vichakataji vya karibuni. Mashine nyingi zilizoundwa kabla ya mwaka 2018 hazikubaliki rasmi. Zinapotupwa huko, huishia katika meza za huku kwa bei ya kuvutia. Muulize muuzaji mwaka wa kichakataji, usiridhike na neno "safi".

Ukiwa tayari unayo mashine kama hiyo, usiitupe. Usiache mbachao kwa msala upitao. Ipo mifumo isiyolipiwa ambayo huweza kuihuisha, mmojawapo ukiwa Ubuntu, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake ni ndugu wa damu wa neno letu utu. Mwaka huo huo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kutoa programu ya ofisini kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, ushahidi kwamba lugha yetu haikushindwa kuingia katika kompyuta. Na kwa kupima betri ya mashine iliyotumika inayoendeshwa kwa Windows, kuna amri fupi, powercfg /batteryreport, inayotoa taarifa ya ujazo wa betri ilipokuwa mpya na ujazo wake wa sasa. Ukikuta imebaki na nusu, unajua la kumwambia muuzaji kuhusu bei.

Sifa ya tatu ni kutopotea. Chombo kikiibwa, hununuliwa kingine. Tasnifu ya miaka miwili hainunuliki. Akiba haiozi, na katika kompyuta akiba ni nakala. Kanuni inayopendekezwa na wataalamu ni nyepesi: kila kazi muhimu iwe na nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja ya hizo ikae mbali na nyumbani. Nakala ya mashine yenyewe, ya diski ya pembeni na ya hifadhi ya mtandaoni hutimiza sharti hilo. Kwa mwalimu kuna wajibu zaidi. Kipakatalishi chake hubeba majina, alama na pengine habari za afya za watoto wa watu, na Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Nywila imara, pamoja na kuifumba hifadhi kwa msimbo, si mambo ya wataalamu pekee. Katika kuchagua, hakikisha mashine inayaweza.

Haya yote yanahusu mtu binafsi, lakini hata dola hupitia njia iyo hiyo. Mwaka 2013, serikali mpya iliingia madarakani ikiwa imeahidi kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ya kwanza ilifutwa mwaka 2014 baada ya mvutano. Vifaa vilipoanza kusambazwa mwaka 2016, watoto walipata vibao vya kidijitali badala ya vipakatalishi, na kabla ya hapo ilibidi maelfu ya shule ziunganishiwe umeme na walimu wapewe mafunzo. Mjadala wa awali ulikuwa wa jembe, wa bei yake na mtengenezaji wake; shamba likadai haki yake baadaye. Somo hilo liligharimu muda, na ingekuwa hasara maradufu iwapo sisi mmoja mmoja hatutajifunza kutokana nalo.

Kwa hivyo, mwalimu mwenzangu, nawe mwanafunzi, kabla ya kutia sahihi fomu ya mkopo, chukua karatasi na kalamu. Andika kazi unazofanya kwa wiki moja, si unazotamani kuzifanya. Andika safari zako, na kwa chombo gani unasafiri. Andika saa ambazo umeme hukosekana unapoishi na unapofunza. Andika kitu ambacho kikipotea utalia. Kisha nenda dukani na karatasi hiyo mkononi, uisome kwa sauti mbele ya muuzaji. Akikuonyesha mashine isiyojibu yaliyoandikwa humo, hata iwe na jina kubwa kiasi gani, mshukuru kwa adabu na uendelee na safari yako hadi duka la pili.